Wanawake wa Rakai na Mombasa walitoa sampuli, kliniki zao bado zinabahatisha

Mwanamke anayekwenda zahanati, iwe Kakamega, Masaka, Kigoma au Gitega, akilalamika kwamba anatokwa na majimaji ukeni yenye harufu kama ya samaki, mara nyingi huondoka na vitu viwili: bahasha ya vidonge na neno moja, "fangasi". Wakati mwingine huambiwa ni UTI. Wakati mwingine huulizwa, wenzake wakiwa kwenye foleni wanasikia, kama mumewe ametulia. Ni mara chache huelezwa kwamba tatizo lake pengine si fangasi wala UTI, wala si ushahidi kwamba kuna mtu ametoka nje ya ndoa. Na ni mara chache zaidi huambiwa aache kuosha ndani ya uke kwa sabuni.

Hali hii ingeweza kusameheka kama elimu yenyewe ingekuwa imefungiwa katika maabara za nchi za mbali. Haikufungiwa. Sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakijua leo kuhusu bakteria wa uke na afya ya mwanamke ilitoka kwa wanawake wa Rakai, Mombasa, Kigali, Mwanza na Siaya. Walikubali kupimwa, wakajibu maswali ya aibu, wakarudi kliniki mwezi baada ya mwezi, wengine kwa miaka. Matokeo yakachapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya Ulaya na Marekani. Miongo imepita, na zahanati iliyo kilomita chache kutoka mahali utafiti ulipofanyika bado inabahatisha. Hilo ni deni, na serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki ndizo zinazodaiwa.

Elimu yenyewe si ngumu. Uke wa mwanamke mwenye umri wa kuzaa si mahali pasipo na vijidudu, na haukuumbwa kuwa hivyo. Mwaka 1892 daktari wa Kijerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza bakteria wenye umbo la kijiti wanaoishi humo na kutengeneza asidi. Leo wanaitwa laktobasila, na ni wa ukoo mmoja na bakteria wanaogandisha maziwa. Mama yeyote anayejua kutengeneza mtindi, maziwa lala, mursik au ikivuguto tayari anaijua nusu ya habari: maziwa yakishachachuka, uchachu huohuo unazuia vijidudu vingine visiyaharibu upesi. Ukeni, homoni ya estrojeni huzifanya kuta ziweke akiba ya wanga unaoitwa glaikojeni. Laktobasila hunufaika na akiba hiyo na kutoa asidi ya laktiki, hadi kipimo cha uchachu, kile ambacho wanafunzi wa kemia hukiita pH, kinashuka chini ya 4.5. Katika uchachu huo vijidudu vingi vya maradhi hushindwa kushamiri. (Mfano wa mtindi uishie jikoni. Bakteria wa kwenye kikombe cha mtindi si wale wanaojenga makazi ukeni, na hakuna sababu ya kuupaka huko.)

Laktobasila wakipungua, bakteria wengine huchukua nafasi, na mmojawapo anayejulikana sana ni Gardnerella. Uchachu hupungua, harufu hutokea, majimaji huwa mepesi yenye rangi ya kijivu. Hali hiyo inaitwa vajinosisi ya bakteria. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba huwapata kati ya asilimia 23 na 29 ya wanawake wa umri wa kuzaa duniani. Kwa maneno mengine, katika kila wanawake wanne waliopanda matatu moja, pengine mmoja anayo, na kuna uwezekano mkubwa kwamba hajui, kwa sababu wengi hawaoni dalili yoyote.

Kwa muda mrefu madaktari waliiona kama kero ndogo tu. Walioanza kubadili mawazo hayo walikuwa Rakai.

Wilaya hiyo ya kusini magharibi mwa Uganda haihitaji kutambulishwa kwa wakazi wa ukanda wa Ziwa Victoria. Ni huko, kwenye mwalo wa Kasensero, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wavuvi na wachuuzi walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa ambao watu waliuita siliimu. Katika miaka ya 1990 watafiti walizunguka vijiji vya Rakai, na wanawake wakajichukulia wenyewe sampuli za ukeni kwa kijiti chenye pamba. Mwaka 1997 Nelson Sewankambo wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya zaidi ya wanawake 4,000. Wale ambao bakteria wao wa uke walikuwa wamevurugika walikutwa na Virusi vya Ukimwi (VVU) kwa kiwango kikubwa kuliko wale wenye laktobasila wa kutosha.

Utafiti ule ulikuwa na kasoro moja ambayo waandishi wake waliijua: ulipima mambo yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo haukuweza kusema kipi kilitangulia. Mombasa ikajibu sehemu ya swali hilo. Katika kliniki ya manispaa iliyopo Ganjoni, wanawake 657 waliokuwa wakiuza ngono na wasiokuwa na VVU walifuatiliwa kwa muda, wakipimwa tena na tena. Majibu yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba waliokosa laktobasila walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuambukizwa VVU baadaye, na waliambukizwa kisonono kwa urahisi zaidi pia. Safari hii upungufu wa bakteria ulitangulia, maambukizi yakafuata.

Kisha likaja suala la sabuni. Mwaka 2006 kundi hilohilo la Mombasa lilitoa matokeo ya miaka 10 ya kuwafuatilia wanawake 1,270. Ukilinganisha na wasioosha ndani ya uke, wanaoosha ndani kwa maji walikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU mara 2.6, na wanaotumia sabuni mara 3.8. Hao ni wanawake waliokuwa kwenye mazingira ya hatari kubwa, kwa hiyo takwimu zao haziwezi kubebwa zima zima na kubandikwa kwa mke wa mkulima wa Kayanza. Uchambuzi uliounganisha tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara, zenye karibu wanawake 15,000, ulichapishwa mwaka 2011 na kukuta uhusiano mdogo zaidi. Lakini ulikuwepo: kwa wanaoosha ndani kwa sabuni, kwa wanaojifuta ndani kwa kitambaa au karatasi, na kwa wanaoingiza vitu vya kukausha au kubana uke.

Hapa ndipo kliniki za ukanda huu zinapopaswa kusimama na kuzungumza, na hapa ndipo zinaponyamaza. Kuosha ndani ni desturi iliyoenea. Watafiti walipowapa wanawake wa Kampala na Mwanza shajara za michoro waweke alama kila siku kwa kila walichokifanya, ilibainika kwamba kuosha ndani lilikuwa jambo la kila siku, hasa baada ya tendo la ndoa na wakati wa hedhi, na baadhi waliosha zaidi ya mara moja kwa siku. Hawafanyi hivyo kwa ujinga. Wamefundishwa. Kungwi na somo wa Pwani, ssenga wa Buganda, shangazi na mama mkwe, wote wamepokezana usia kwamba mwanamke nadhifu ni yule anayejisafisha hadi ndani. Usia huo umebeba upendo na heshima, na anayetaka kuubadili kwa kuwatukana waliouleta hatasikilizwa.

Tatizo linazidishwa na wafanyabiashara. Mijini, kuanzia Nairobi hadi Bukavu, mwanamke hupita mbele ya rafu za sabuni za "kike" zenye manukato, na kwenye simu yake hupokea matangazo ya vidonge vya kuchomeka vinavyoahidi kubana, kukausha na kurudisha usichana. Biashara hiyo inaishi kwa kumwambia mwanamke kwamba ananuka. Anaosha, anaua laktobasila, harufu inakuja kweli, ananunua chupa nyingine. Mamlaka za udhibiti wa dawa, kama TMDA ya Tanzania, NDA ya Uganda, Rwanda FDA na bodi ya Kenya, huwa na ukali wa kutosha dhidi ya dawa bandia za malaria. Hakuna anayeeleza kwa nini bidhaa inayoingizwa ndani ya mwili wa binadamu, kwenye utando mwembamba namna hiyo, iuzwe saluni kama rangi ya kucha.

Uke hujisafisha wenyewe. Nje panatosha maji, na kwa anayetaka, sabuni isiyo kali. Sentensi hizo mbili hazihitaji bajeti. Zinahitaji muuguzi aliyeruhusiwa na kufundishwa kuzitamka, na kungwi aliyeshirikishwa kabla hajalaumiwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ukilinganisha na malaria, vifo vya uzazi, au upungufu wa fedha za VVU ulioikumba kanda baada ya Marekani kukata misaada mwaka 2025. Hoja hiyo inajipinga yenyewe. Fedha zikipungua, kinga ya gharama nafuu ndiyo inayopaswa kutangulia. Na bakteria wa uke wameshaonyesha kwamba wanaweza kuharibu hata kinga ya gharama kubwa. Mfano ulitokea Afrika Kusini, katika jaribio la CAPRISA 004 la jeli ya tenofovia ambayo wanawake walijipaka ukeni kujikinga na VVU. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba jeli hiyo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 39, na watu wakashangilia. Miaka saba baadaye, sampuli za wanawake 688 wa jaribio hilo zilipochambuliwa upya, ikaonekana kwamba kwa wenye laktobasila wengi jeli ilipunguza maambukizi kwa asilimia 61, na kwa wasio nao kwa asilimia 18 tu. Bakteria aina ya Gardnerella walikuwa wanaivunjavunja dawa kabla haijaingia kwenye chembe za mwili.

Kwa bahati nzuri, vidonge vya PrEP vinavyomezwa havipiti njia hiyo. Uchambuzi wa wanawake wa Kenya na Uganda walioshiriki jaribio la vidonge hivyo, uliochapishwa pia mwaka 2017, ulionyesha kwamba vililinda vilevile, awe mwanamke ana vajinosisi ya bakteria au hana. Anayemeza PrEP aendelee kumeza. Habari hiyo nayo ilitoka kwa wanawake wa kanda hii, na ingefaa ibandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki inayotoa vidonge hivyo.

Kuna tahadhari moja inayostahili kutiliwa uzito, hasa na waandishi wa habari wanaopenda vichwa vikubwa. Mwaka 2011 Jacques Ravel na wenzake, wakichunguza wanawake 396 wa Amerika Kaskazini wasio na dalili zozote, walikuta kwamba takriban asilimia 40 ya wanawake weusi hawakuwa na laktobasila kwa wingi, wakati kwa wazungu ilikuwa kama asilimia 10. Wote walijiona wazima. Ni rahisi kutoka hapo hadi kusema kwamba mwili wa mwanamke mweusi una kasoro, na historia ya tiba imejaa watu waliochukua njia hiyo ya mkato. Utafiti haukusema hivyo. Ulisema kwamba kinachoitwa "kawaida" kilikuwa kimepimwa kwa wanawake wachache wa aina moja. Kwa upande mwingine, kukataa kuangalia hatari kwa kuogopa kuonekana unabagua nako ni kuwatelekeza wanawake haohao. Mwaka 2017 utafiti wa wasichana na wanawake 236 wa KwaZulu-Natal ulikuta kwamba wenye mchanganyiko mkubwa wa bakteria wasio laktobasila waliambukizwa VVU zaidi ya mara nne ya wale waliokuwa na laktobasila aina ya crispatus, na hao wa crispatus walikuwa kama asilimia 10 tu. Kwa nini ni wachache hivyo ni swali linalopaswa kujibiwa na maabara za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa sampuli za nyumbani. Majibu ya kuazima hayatatosha.

Turudi zahanati. Namna wanawake wanavyotibiwa nayo ina historia ya hapahapa. Mwaka 1995 jaribio maarufu la vijijini Mwanza lilionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida, kwa kufuata dalili bila kusubiri maabara, kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Ulikuwa ushindi wa haki kabisa, na ulisaidia kueneza utaratibu wa kutibu kwa dalili katika Afrika nzima. Kwa mwanaume mwenye usaha au mtu mwenye kidonda, utaratibu huo hufanya kazi vizuri. Kwa mwanamke mwenye majimaji ukeni, ni bahati nasibu. Majimaji yanaweza kuwa ya vajinosisi, ya fangasi, ya trikomonasi, ya kisonono, au yakawa ya kawaida tu ya mwezi. Basi anapewa dawa tatu kwa mpigo na kuambiwa amlete mumewe. Wapo waliopigwa nyumbani kwa sababu ya neno hilo, kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao. WHO yenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, inahimiza vipimo vitumike pale vinapopatikana.

Na vinaweza kupatikana. Kipimo cha vajinosisi kinachotumiwa na watafiti, kinachoitwa alama za Nugent na kinachofahamika tangu 1991, kinahitaji kipande cha kioo, rangi ya Gram na hadubini. Hadubini hizo zipo katika vituo vingi vya afya kwa ajili ya malaria na kifua kikuu. Kuanzia mwaka 2010 nchi za Jumuiya, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zilijenga mtandao wa maabara za mipakani na mikoani, zikafundisha mafundi na kuoanisha viwango, lengo kuu likiwa kifua kikuu. Mtandao ule ulithibitisha kwamba fundi wa maabara wa Uganda na wa Burundi wanaweza kufanya kazi kwa kiwango kimoja na kukaguana. Kuongeza kioo kimoja cha sampuli ya uke kwenye meza ileile si mapinduzi. Hata pale ambapo hadubini haipo, karatasi ya kupimia uchachu hutofautisha mengi: fangasi kwa kawaida haipandishi pH, vajinosisi huipandisha.

Dawa nayo ipo na ni rahisi. Ni metronidazoli, ambayo watu wa huku wameizoea kama Flagyl na kuimeza hata kwa tumbo la kuhara. Ikimezwa kwa siku saba, wengi hupata nafuu. Shida ni kwamba ugonjwa hurudi; utafiti wa Melbourne, Australia, wa mwaka 2006 ulikuta umerudi kwa zaidi ya nusu ya wanawake ndani ya mwaka mmoja. Kurudisha laktobasila kwa njia ya dawa ndiyo ndoto ya sasa. Nchini Marekani, jaribio la wanawake 228 lililochapishwa mwaka 2020 lilitumia unga wenye bakteria hai wa crispatus baada ya metronidazoli, na kurudi kwa ugonjwa katika wiki 12 kukashuka kutoka asilimia 45 hadi 30. Mwaka huohuo Kigali ilitoa matokeo ya jaribio dogo la wanawake 68 wakitumia laktobasila wa Ulaya au metronidazoli ya mara kwa mara. Bakteria walisaidia kiasi, metronidazoli ilisaidia zaidi. Ni mwanzo. Wauza "probayotiki" wa mitandaoni wanaodai kwamba suluhisho limeshapatikana wanawadanganya wateja wao.

Ukweli unadai pia kukiri mipaka. Uvurugikaji wa bakteria huambatana na kujifungua kabla ya wakati na kudumu kwa virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, lakini kuambatana si lazima kuwa chanzo. Majaribio ya kuwatibu wajawazito wote wenye vajinosisi hayakupunguza watoto njiti kwa uhakika. Waziri wa afya akisimama kesho na kuahidi kwamba Flagyl itamaliza VVU, atakuwa anapotosha. Kinachodaiwa ni kidogo kuliko hapo: wanawake waambiwe kinachojulikana, wapimwe kabla ya kutibiwa, na wasitibiwe peke yao.

Kuhusu kinachojulikana, kuna habari njema ambayo haijasikika vya kutosha hata nyumbani kwake. Siaya, magharibi mwa Kenya, wasichana wa sekondari walipewa vikombe vya hedhi, vile vya silikoni vinavyooshwa na kutumika kwa miaka, katika jaribio lililokusudiwa hasa kuona kama wangebaki shuleni. Ndani yake wasichana 436 walipimwa bakteria wa uke kwa miezi 30. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba katika shule zilizopewa vikombe, uwezekano wa vajinosisi ulikuwa chini kwa takriban robo, na wasichana wengi zaidi walikuwa na laktobasila wa crispatus. Bunge lolote la kanda hii linalojadili sodo na taulo za kike kila mwaka wa bajeti lina haki ya kuuliza kwa nini vikombe havimo kwenye mjadala. Vina changamoto zake: maji safi ya kuvichemshia, na mama anayehofia bikira ya binti. Zinazungumzika.

Linabaki la wanaume, na ndilo linalokwepwa zaidi. Mwaka 2009, Rakai tena, jaribio la tohara lilionyesha kwamba wake wa wanaume waliotahiriwa walipata vajinosisi kwa asilimia 40 pungufu. Mwaka 2020 utafiti wa wenza 168 wa Kisumu ulionyesha kwamba bakteria wanaoishi kwenye uume wa mwanaume vinaweza kutabiri kama mwenzi wake atapata vajinosisi katika miezi ijayo. Kisha Machi 2025 jarida la New England lilichapisha jaribio la Australia la wenza 164. Katika kundi moja mwanamke alitibiwa peke yake, katika la pili mwanaume naye alimeza metronidazoli na kupaka krimu ya klindamaisini kwenye uume kwa siku saba. Ugonjwa ulirudi kwa asilimia 63 ya wanawake waliotibiwa peke yao na asilimia 35 ya wale ambao wanaume wao walitibiwa. Tofauti ilikuwa kubwa hata jaribio likasimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Wengi wa wanaume wale wa Australia hawakuwa wametahiriwa, na kila mmoja alikuwa na mwenzi mmoja. Kwa hiyo jaribio linapaswa kurudiwa huku, kwenye ndoa za wake wengi, kwa madereva wa malori wa barabara ya kutoka Mombasa hadi Goma, na kwa wanaume waliotahiriwa. Jumuiya ina Kamisheni ya Utafiti wa Afya yenye makao Bujumbura, na ni nadra kupata swali linaloifaa kuliko hili: ugonjwa uko katika nchi zote wanachama, dawa zote mbili zinajulikana, na watafiti wenye uzoefu wapo Kisumu, Rakai, Kigali na Mwanza.

Kila suala hili linapotajwa hutokea mtu wa kusema kwamba mwanaume wa Kiafrika hatakubali, kwamba hatakwenda kliniki kwa ajili ya tatizo la mkewe, seuze kujipaka krimu sehemu hiyo. Wanaume wa Kisumu walikubali kufutwa uume kwa kijiti cha pamba, ziara baada ya ziara, kwa ajili ya utafiti ambao haukuwaahidi tiba yoyote. Krimu ni siku saba.